Ufunguo wa Nyumba ya Pili

Kazini walimwita Makufuli, na jina lilimkaa vizuri. Siku yake ya kwanza pale aliwanyang'anya watu wazima funguo zao kabla hata hajaonyeshwa choo kilipo. Mtu wa namna hiyo ungemwita nani? Waridi?

Alikuwa fundi wa mitambo katika kituo cha magari ya wagonjwa. Mtu akipiga simu kwamba mkewe kashikwa na uchungu, au mtoto kameza kitu hakishuki, simu inaingia chumba cha mapokezi. Mpokeaji anatazama ramani kwenye skrini, anaona gari lipi liko karibu, analituma. Basi hiyo ramani, na majina ya wagonjwa, na maradhi yao, na lilipo kila gari, vyote havikukaa pale kituoni. Vilikaa kwenye wingu. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alitoka nje akatazama juu.

"Si hilo la mvua, mama," Makufuli akamwambia. "Wingu ni nyumba ya kupanga. Kuna tajiri kajenga majumba huko mbali, kayajaza kompyuta. Sisi tunapanga vyumba. Yeye analinda geti, anaangalia paa lisivuje na umeme usikatike. Lakini chumba chako ukikiacha wazi ukaibiwa, shauri yako."

"Na akikupandishia kodi?"

"Ndiyo maana sipangi vyumba nisivyolala."

Mama akaridhika. Lugha hiyo aliielewa. Alikuwa mtunza stoo wa hospitali mpaka alipostaafu, funguo kiunoni zikilia kila akipiga hatua, hata wanawe walijua karudi kabla hajafika mlangoni. Dawa haikutoka bila yeye, shuka haikutoka bila yeye, na daktari mkuu mwenyewe alipotaka sabuni alisimama dirishani kama watu wengine. Makufuli alilelewa na sauti ya funguo zile, na alipokuwa mkubwa akaenda kusomea funguo za aina nyingine.

Jambo moja tu la mama yake lilimshinda. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja mwembamba mwenye mdomo, walikuwa hawasalimiani naye tangu siku ya ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo. Miaka imepita, kamba yenyewe imeshaoza, lakini wakikutana koridoni kila mmoja anaangalia ukuta wake. Na bado ufunguo wa akiba wa nyumba yao alikuwa nao huyo huyo.

"Mama, kweli? Ufunguo wetu unampa mtu msiyesalimiana?"

"Ulitaka nimpe nani? Rafiki yangu? Rafiki ataingia kuazima chumvi, nisipokuwepo ajichotee, na aketi kabisa aangalie televisheni. Yule hanipendi. Hawezi kutia mguu kwangu bila sababu, maana akikutwa atajieleza vipi? Lakini nyumba ikishika moto atakuwa wa kwanza kufungua, apate la kunisimanga mpaka naingia kaburini."

Makufuli alicheka, akasema moyoni huo sasa ni uzee.

Tuje kazini. Alipofika alikuta kituo kinaendeshwa kama nyumba isiyo na milango. Neno la siri lilikuwa moja kwa watu wote, tena limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya skrini, hata mfagizi alilijua, na alipougua mfagizi akalijua mdogo wake. Mpokea simu angeweza kufungua mishahara. Dereva angeweza kufuta mgonjwa. Makufuli akaanza kugawa. Dereva aone safari zake. Mhasibu aone hesabu zake, maradhi ya watu yanamhusu nini? Wapokea simu waone simu na ramani, basi. Kila mtu mlango wake, na mlango wa jirani hata ukitikisa haufunguki.

Hapo ndipo alipokosana na wifi yake.

Wifi huyu, mke wa kaka yake mkubwa, ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha mapokezi, na ndiye aliyemwambia Makufuli kwamba pale kuna nafasi ya kazi. Mwanamke mnene, mwepesi wa ulimi, mwenye sauti ya kumtuliza mtu aliyeshika kisu. Siku alipowasha skrini akakuta nusu ya vitu alivyozoea kuviona havipo, alimfuata Makufuli mezani kwake mbele za watu.

"Wifi, mimi nimekuwa mwizi lini?"

"Hakuna aliyesema mwizi."

"Mbona umenifungia?"

"Nimefungia wote. Hata mkurugenzi."

"Mkurugenzi si wifi yako." Akageuka, akaongea na chumba kizima. "Haya, jamani, nilimletea kazi, kanilipa kufuli."

Tangu siku hiyo wakawa wanasemeshana mambo ya kazi tu, na kwenye shughuli za familia wanakaa pembe mbili za ukumbi, kaka mtu katikati akihangaika na sahani yake.

Baada ya milango ikaja nyumba ya pili. Makufuli aliona kituo kina nyumba moja tu ya kupanga huko winguni, na nyumba moja ikipata balaa, hata iwe ya tajiri gani, magari yote yanakuwa vipofu. Akapanga nyingine, ya mbali na ile ya kwanza. Ukipanga nyumba mbili mtaa mmoja, bomba la mtaa likipasuka umekosa maji kote. Kila kilichoandikwa nyumba ya kwanza kilinakiliwa ya pili papo hapo, na nakala zikafungiwa kwenye makabati, kwa maana majina ya wagonjwa si ya kuachwa mezani. Na kwa kuwa hakupenda kulipia hewa, nyumba ya pili aliiacha na taa moja ndogo tu inayopokea nakala. Kompyuta kubwa zilikuwa zimelala. Siku ya shida ndipo zinaamshwa, na ndipo kodi yake inapanda.

Mhasibu hata taa hiyo ndogo ilimuuma. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mtu wa sweta hata jua likiwaka, lakini kila alipolipia nyumba ambayo hajawahi kuona mtu akilala, alikumbuka matairi.

"Magari yetu mawili yana matairi kama kichwa changu," alisema, akajipapasa upara. "Mvua ikinyesha yanateleza. Hiyo nayo si hatari?"

Na kweli ilikuwa hatari. Makufuli akasema hatari ziko mbili.

Mkataba wa nyumba ya pili ukafikia mwisho. Mkurugenzi, mwanamke aliyeanza kazi kama muuguzi na bado anatembea kama anawahi wodi, akawaita wote wawili.

"Maneno nimechoka," alisema. "Makufuli, kesho asubuhi, simu zikipungua, zima nyumba ya kwanza. Nataka nione ya pili inasimama. Ikisimama nasaini mkataba. Isiposimama, mhasibu anunue matairi yake. Una wasiwasi?"

"Sina."

Na hakuwa nao kweli. Alishawahi kuijaribu nyumba ile, tena zaidi ya mara moja, na kila mara ilisimama. Usiku huo alilala kama mtoto.

Asubuhi chumba cha mapokezi kilijaa. Madereva waliambiwa kila mmoja akae karibu na redio yake, maana kwa muda mfupi ramani ingepotea. Wifi alikaa kiti chake cha siku zote, spika sikioni. Mhasibu alisimama karibu na dirisha. Mkurugenzi alivuta kiti akakaa nyuma ya Makufuli, karibu mno, mpaka Makufuli akasikia harufu ya sabuni ya hospitali mkononi mwake.

"Tayari?" Makufuli akauliza.

"Mimi niko tayari tangu ulipozaliwa," wifi akajibu bila kugeuka.

Akazima.

Ramani ikawa kijivu. Kwenye skrini ya Makufuli nyumba ya pili ikaanza kuamka: kompyuta ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikipata alama yake ya kijani. Mhasibu akasogea.

"Imesimama," alisema, na kwa sauti yake ungejua kwamba alikuwa anasema kwa haki, hata kama inamuumiza.

Ramani ikarudi. Barabara zikaonekana, mto ukaonekana, hospitali zote mahali pake.

"Wifi," wifi akasema polepole. "Magari yangu yako wapi?"

Ramani ilikuwa tupu. Hapakuwa na gari hata moja. Hapakuwa na simu za asubuhi, hapakuwa na jina la mgonjwa. Mji mzima umelala pale kwenye skrini kama haujawahi kuugua.

Makufuli akabonyeza. Akabonyeza tena. Nyumba imefunguka, lakini makabati hayafunguki. Kompyuta ikamwambia kwa adabu zake zote kwamba inasubiri ufunguo. Na ufunguo uko wapi? Hapo ndipo alipokumbuka.

Baada ya ile mara ya mwisho ya kujaribu, alikuwa amefanya kazi moja ambayo alijisifu nayo sana. Alikusanya kila ufunguo uliokuwa umezagaa, huu kwenye kompyuta ya huyu, ule kwenye simu ya yule, akauweka kwenye sanduku moja la kielektroniki, imara, lisilofunguliwa ila na yeye. Ufunguo wa makabati ya nyumba ya pili nao akautia humo. Sanduku lenyewe akaliweka mahali anapopaamini kuliko pote.

Nyumba ya kwanza. Ambayo ameizima sasa hivi kwa mkono wake.

Ni mtu wa funguo peke yake anayeweza kukosea hivyo. Mzembe asingekosea, kwa sababu mzembe ufunguo wake ungekuwa bado kwenye karatasi pembeni ya skrini.

"Ni mtandao?" mhasibu akauliza. Aliuliza vizuri tu, alikuwa anamtupia kamba. Ingetosha kuitikia. Mtandao haujitetei.

"Si mtandao," Makufuli akasema. "Ni mimi. Ufunguo wa huku nimeufungia kule. Nairudisha nyumba ya kwanza."

"Itachukua muda gani?" Mkurugenzi.

"Muda wa chai kupoa."

Akaipa amri nyumba ya kwanza iamke. Kompyuta zake zikaanza kujinyoosha moja moja, na kila moja ilimwonekea inaamka kwa kisirani. Na simu ikalia.

Wifi akapokea. "Kituo cha magari ya wagonjwa, sema." Akasikiliza. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulikamata ukingo wa meza. "Dada, acha kulia, nisikilize mimi. Umeme wenyewe umezimwa? Usimguse mumeo kama haujazimwa. Umezimwa. Haya. Anapumua?"

Akasikiliza, akawatikisia kichwa wenzake: hapumui.

"Karakana ya kuchomelea. Ipi? Nyuma ya soko la mbao. Haya, kaa na mimi, usikate." Akaziba kinasa sauti kwa kiganja. "Makufuli! Ramani!"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado, wifi."

Wifi akavuta redio. "Magari yote, kila mmoja aniambie yuko wapi. Mmoja mmoja, msirukiane kama kuku." Sauti zikaanza kuja. Moja liko hospitali kuu linashusha mgonjwa. Moja liko uani hapo hapo kituoni. Gari la tatu likajibu liko kituo cha mafuta kilicho nyuma ya soko. "La tatu, acha mafuta, nenda karakana ya kuchomelea, mtu kapigwa na umeme. Nenda!" Akarudi kwenye simu. "Dada, gari linakuja. Weka kiganja katikati ya kifua chake, cha pili juu yake. Bonyeza. Kwa nguvu, humuumizi. Hesabu na mimi."

Akahesabu naye. Makufuli alitazama alama za kijani zikipanda na kusikia wifi akihesabu, na hakuna aliyemlaumu kwa neno hata moja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Laiti wangempigia kelele. Ramani iliporudi na magari yote kutokea, gari la tatu lilikuwa limeshasimama juu ya karakana.

Redio ikakwaruza. "Kituo, tumempata. Anapumua. Ananitukana."

"Akitukana huyo ni mzima," wifi akasema, akavua spika, akajipangusa shingo. Hakumtazama Makufuli.

Ofisini kwa mkurugenzi mlango ulifungwa. Mhasibu alikaa ameshika mikono, hakuonyesha kushangilia.

"Sipendi kusema," alisema, "lakini tumekuwa tukilipia pambo."

"Leo ndiyo siku ya bei nafuu kuliko zote kuligundua hilo," Makufuli akasema. "Tumekosea mchana, watu wote wako vitini, nyumba ya kwanza ni nzima, tumeiamsha ikaamka. Ingekuwa imeungua kweli, je? Ungeamsha nini? Kosa langu kalipieni mimi. Msilipie kwa kuvunja nyumba."

"Mama wa watu alikuwa anahesabu kifua cha mumewe," mkurugenzi akasema.

"Najua."

"Sina hakika kama unajua." Mkurugenzi akavuta kiti karibu. "Nikuulize la wodini. Ufunguo wa kabati la dawa kali, muuguzi wa zamu akianguka ghafla, nani mwingine anao?"

"Wa zamu ya pili."

"Na hilo sanduku lako. Ukianguka wewe, nani?"

"Hakuna," Makufuli akakiri. Ndivyo alivyolijenga, na ndivyo alivyojisifu.

"Basi sikiliza. Mkataba unaisha leo jioni. Kabla watu hawajatoka kazini nataka jaribio lingine, na safari hii afungue mtu mwingine. Wewe usiwemo chumbani. Uwe umekufa. Ikisimama nasaini. Isiposimama, matairi."

"Mtu gani?"

"Mtu ambaye yuko kwenye kiti hicho shida ikitokea. Unamjua."

Makufuli akarudi mezani kwake akafanya kazi bila kula. Kurekebisha sanduku hakukuwa kugumu. Akaweka la pili, nyumba ya pili, na kila moja likajitegemea, bila kuuliza la mwenzake. Akatafuta kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kama ufunguo wa pikipiki ulivyo, akakipa uwezo wa jambo moja tu: kuamsha nyumba ya pili na kufungua makabati yake. Mishahara hakigusi. Nyumba ya kwanza hakigusi. Na kikichomekwa tu, kengele ilie kwenye simu yake na ya mkurugenzi. Yote hayo yalikuwa kazi ya mikono. Iliyobaki ilikuwa kazi ya mdomo, na hiyo aliiahirisha mpaka haikuahirishika tena.

Wifi alikuwa uani, anakunywa maji kwa chupa, kakaa kwenye ngazi. Makufuli akasimama mbele yake na kidude mkononi.

"Wifi."

"Abee." Ile abee ya kukausha nguo.

"Ahsante kwa ya asubuhi."

"Nilikuwa kazini."

"Nahitaji mtu wa kushika ufunguo wa pili."

Wifi akateremsha chupa. Akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, taratibu, kama anayekagua kitenge chenye dosari. "Leo mwizi anapewa ufunguo?"

"Sikukuita mwizi."

"Ulininyima. Ungeniita ningekujibu." Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Kinafungua nini?"

"Nyumba ya pili tu. Na ukikichomeka, kengele inalia kwangu na kwa mkurugenzi."

"Ehee! Yaani hata ukinipa, umenivalisha kengele shingoni kama mbuzi."

"Nikigusa mimi inalia vilevile. Sote mbuzi."

Kona ya mdomo wa wifi ikacheza, akaikamata kabla haijawa kicheko. "Wapo watu kumi humu wanaokuchekea ukiongea. Yule mpokeaji wa zamu ya asubuhi mnakunywa naye chai kila siku. Kwa nini mimi? Sikupendi, unajua."

Makufuli akaukumbuka mlango wa jirani. Alishangaa jinsi neno lilivyomtoka bila kulitafuta.

"Ndiyo maana. Rafiki angekichomeka ajaribu tu, aone kinavyofanya. Wewe huwezi kuingia kwangu bila sababu. Na kukiwaka moto utawahi, upate la kunisema."

"Haya umeyatoa wapi? Haya si yako."

"Ya mkweo."

"Nilijua." Akakichukua kidude, akakifunga kwenye mkufu wake, akakitumbukiza kifuani. "Nionyeshe. Na uonyeshe polepole, usinikimbize kama unafukuzwa."

Jioni, kabla ya watu kutoka, mkurugenzi alimtoa Makufuli chumbani kama alivyoahidi. Akaenda kukaa uani, ndani ya gari lililokuwa limeoshwa, mlango wazi, redio ya dereva mbele yake ikikwaruza. Ya huko ndani hakuyaona. Dirisha la mapokezi lilikuwa na pazia. Alijua sasa wanazima. Alijua sasa ramani imekuwa kijivu. Simu yake ikalia kengele mfukoni: kidude kimechomekwa. Baada ya hapo, kimya.

Alikaa na kimya hicho. Mikono, ambayo maisha yake yote ilikuwa na cha kubonyeza, haikuwa na kazi. Je, kama alisahau mlango mmoja? Je, kama wifi kabonyeza kabla ya kusoma? Aliinuka nusu, akajikalisha. Umekufa, alijiambia. Maiti haingii ofisini kusahihisha.

Redio ikakohoa. Sauti ya wifi, tulivu.

"Magari yote, kila mmoja aniambie yuko wapi."

Makufuli akafumba macho. Kwa nini anawauliza? Asubuhi aliwauliza kwa sababu alikuwa haoni.

"Kituoni, uani," akajibu mmoja. "Hospitali kuu," mwingine. "La nne hapa, kituo cha mafuta, napanga foleni."

Makufuli akaisogelea redio.

"La nne," sauti ya wifi ikasema, tamu kama asali ya kuiba, "kituo gani hicho cha mafuta kinachonyoa nywele? Umeegesha kwa kinyozi, upande wa kushoto wa barabara, na umeziba mlango wa duka la dawa. Nakuona. Toka hapo."

Makufuli akaweka paji la uso kwenye usukani wa gari. Alicheka, na machozi yakamtoka humo humo, na dereva aliyekuwa akipangusa kioo akajifanya anaona doa mbali zaidi.

Mkurugenzi alisaini akiwa amesimama, mkoba begani. Alimwambia Makufuli kwamba kila mwezi kutakuwa na jaribio kama lile, mchana, na kila mara atatajwa mtu mmoja wa kuwa maiti. Mhasibu akaomba asiwe yeye. Kisha, bila kuombwa, Makufuli akakaa naye wakapitia nyumba ya kwanza chumba kwa chumba, wakakuta kompyuta za majaribio ambazo zinawaka wikendi nzima wakati wanaozitumia wako makwao. Wakazipangia kulala. Gari la kwanza likapata matairi kwa pesa iliyookolewa hapo. La pili lingoje, mhasibu alisema, akaandika mahali ili asisahau kulalamika.

Na wifi? Hawakuwa marafiki, usidanganyike. Kwenye shughuli ya familia iliyofuata walikaa bado pembe mbili. Ila Makufuli alipopita na sahani aliona kidude kinaning'inia shingoni mwake, kimepigwa msasa kinang'aa, na akashindwa kujizuia.

"Tangu siku ile hujakichomeka tena?"

"Nikaingie kwako kutafuta nini?" wifi akasema, akageukia mazungumzo yake.

Siku hiyo alipofika nyumbani hakuingia. Alisimama koridoni, kisha akabisha mlango wa pili. Jirani akafungua upana wa uso wake tu.

"Shikamoo, mama. Naomba ule ufunguo wetu. Nataka kuujaribu kama bado unafungua."

"Marahaba." Jirani alimwangalia kwa mashaka. "Miaka yote hii ndiyo leo mnakumbuka?" Akaingia, akarudi nao, lakini hakumkabidhi. Akatoka mwenyewe na kanga yake begani, akauchomeka kwenye kufuli la mlango wao. Ukagoma. Akautoa, akauviringisha kwenye ncha ya kanga, akausugua, akauchomeka tena kwa mikono miwili. Ukalia kama panya, ukazunguka.

"Nani huyo?" mama akapiga kelele kutoka ndani. "Nyumba inaungua?"

"Haiungui, mama. Tunajaribu."

Jirani akasimama kizingitini. Hakutia mguu. Akainyoosha shingo, akatazama sebule ambayo hakuwa ameiona tangu siku ya kamba.

"Mapazia ni yale yale," alisema, akarudi kwake na ufunguo wake.